Jina ambalo halikuonekana kwenye historia ya hati

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, siku nne kabla ya tarehe ya kukusanya kazi. Aliyeuandika alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza katika somo la mbinu za utafiti, ambalo mimi ndiye ninayelifundisha. "Samahani mwalimu kwa usumbufu. Tunaomba mwenzetu mmoja aondolewe jina kwenye kazi yetu. Hajaandika hata neno moja. Ushahidi huo hapo chini."

Ushahidi ulikuwa skrinshoti ya historia ya mabadiliko ya hati yao ya pamoja kwenye Google Docs. Anayeutumia mfumo huo anajua unavyofanya kazi: kila anayegusa hati hupewa rangi yake, na ukifungua historia unaona nani aliongeza nini, tarehe ipi, saa ngapi. Rangi tatu zilikuwa zimetapakaa kwenye kurasa zote kumi na moja. Rangi ya nne haikuwapo mahali popote.

Utaratibu wa somo letu unaruhusu jina la mwanafunzi kuondolewa kwenye kazi ya kikundi kukiwa na ushahidi wa maandishi, na huu ulikuwa ushahidi wa wazi kuliko wowote niliowahi kupewa. Nilianza kuandika jibu la kukubali ombi. Nilikuwa nimefika sentensi ya pili.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Kabla ya kutuma, nilifungua historia ile mwenyewe badala ya kutegemea skrinshoti, nikaipitia toleo baada ya toleo. Sehemu ya tatu ya kazi, ile ya mahojiano, iliingizwa kwa mkupuo mmoja: maneno zaidi ya mia tano ndani ya dakika moja, kwa rangi ya mwanafunzi mtu mzima wa kikundi, mama wa miaka 46. Dakika chache baadaye, yeye huyo huyo alifuta vipande vidogo vidogo katikati ya maandishi hayo. Nikatazama alichokifuta. Yalikuwa mabano ya mraba, ndani yake tarehe na saa, kisha jina, kisha nukta pacha. Yeyote aliyewahi kunakili meseji kadhaa kwa pamoja kutoka WhatsApp na kuzibandika mahali pengine anazijua alama hizo. Na jina lililokuwa likijirudia kila baada ya mabano lilikuwa la yule aliyesemwa kwamba hajaandika hata neno moja.

Jibu nililokuwa nimelianza nikalifuta.

Safari ya kazi

Kesho yake nilizungumza na wote wanne, kila mmoja peke yake, na kila mmoja nilimpa swali lilelile: "Niambie sehemu yako ilisafirije, tangu ulipoifikiria mpaka ilipofika kwenye hati." Sikuuliza nani kafanya nini. Swali la nani kafanya nini huleta utetezi. Swali la safari huleta maelezo. Nimelitumia mara nyingi tangu siku hiyo na sijapata bora zaidi.

Yule aliyelalamikiwa aliingia ameshika simu mkononi, tayari kujitetea. Hana kompyuta. Simu yake ilikuwa imejaa, na programu ya kuhariri hati ilipokuwa ikipakuliwa ilikuwa ikikataa kwa kukosa nafasi. Kupitia kivinjari aliweza kuisoma hati, lakini kila alipogusa ili aandike, aliambiwa afungue kwa kutumia programu ile ile iliyokataa kuingia. Basi akafanya mahojiano yake matatu, akayaandika kama meseji, akamtumia yule mama kwenye mazungumzo yao ya faragha. Alinionyesha. Meseji kumi na saba, ndefu, zenye saa na tarehe, nyingine zimeandikwa usiku wa manane. Nilipomuuliza kwa nini hakusema kwenye kundi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kila mtu alikuwa anasema ni rahisi. Ningesema nini?"

Mama naye alishangaa kusikia kwamba kuna shtaka. Alikuwa katibu muhtasi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi kusoma. Anachapa bila kuangalia vibonye, anapanga jedwali la yaliyomo likajijaza lenyewe, anajua tofauti ya kuvunja ukurasa na kubonyeza kitufe cha kushuka mstari mara thelathini. Ila hati ya pamoja inamtia hofu. Zamani kazini kwake mtu aliwahi kufuta ripoti nzima kwenye folda ya pamoja na lawama ikamwangukia yeye, kwa hiyo kila anachoandika huandika kwanza kwenye Word, kwenye kompyuta yake, halafu hubandika kikiwa kimekamilika. Maandishi ya mwenzake aliyafanyia vivyo hivyo: akayasafisha, akanyoosha tahajia, akabandika, kisha akafuta alama za WhatsApp zilizokuwa zimebaki. "Nilidhani wote wanajua ni ya nani," alisema. "Mimi nilikuwa namchapia tu binti yangu."

Kiongozi wa kikundi ana miaka 19. Anakata na kuunganisha video kwenye simu yake kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata kwa macho. Sote, mimi nikiwa wa kwanza, tulimhesabu kuwa ndiye mjuzi wa teknolojia, na wenzake walimchagua kuongoza kwa sababu hiyo. Lakini hakuwahi kuandika hati ndefu maishani mwake. Namba za kurasa kwenye jedwali la yaliyomo alikuwa akiziandika kwa mkono, na nukta za kuunganisha kichwa cha habari na namba alizichapa moja moja. Kila mwenzake alipoongeza aya, kurasa zilisogea na jedwali zima likawa la uongo. Alikuwa amekesha usiku tatu akirekebisha namba hizo. Nilipoyasikia hayo nilielewa hasira iliyokuwa ndani ya ujumbe wake. Alikuwa amechoka kweli, na mtu aliyechoka hutafuta ni nani ambaye hakuchoka.

Wa nne haoni. Anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa ambayo Michael Curran alianza kuitengeneza mwaka 2006. Rangi yake ilionekana kwenye historia, ila karibu kila mara kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani ni mtu wa kuamka mapema. Kumbe wenzake wakiwa ndani ya hati, maandishi yanasogea anapoyasikiliza: aya aliyokuwa akiisoma inashuka, sentensi inabadilika katikati, anapoteza mahali alipokuwa. Alfajiri hakuna mtu. Jedwali mbili za matokeo hakuweza kuzisoma kabisa, kwa sababu kiongozi alizitengeneza kwenye simu, akazipiga skrinshoti, akaziweka kama picha. Kisoma skrini kilipofika hapo kilimwambia neno moja: picha. Hakulalamika. "Sikutaka kuwa mzigo," aliniambia.

Kisha akaongeza jambo lililonihusu mimi. Sura ya kitabu niliyoipakia wiki ya pili kwenye Moodle, mfumo wa mtandaoni tunaowekea masomo, ile niliyosisitiza kwamba kazi nzima inaitegemea, ilikuwa imeskaniwa. Kwa macho yangu ilikuwa kurasa ishirini na mbili za maandishi. Kwa kompyuta yake zilikuwa picha ishirini na mbili zisizo na herufi hata moja ndani yake. Alimtafuta rafiki wa kumsomea, naye akairekodi sauti. Wiki saba zilikuwa zimepita. Nilimwomba radhi papo hapo, na ninaandika hapa kwa sababu kosa hilo lilikuwa langu na lilikuwa kubwa kuliko kosa lolote walilofanyiana wao.

Historia ya hati inarekodi nini

Mfumo wa hati ya pamoja unarekodi akaunti iliyobonyeza. Hauna namna ya kurekodi kichwa kilichofikiri, wala mdomo uliohoji, wala sikio lililosikiliza rekodi na kuandika. Katika kikundi ambacho kila mmoja ana kompyuta yake, mtandao wake na saa zake, mambo hayo mawili hukaribiana kiasi kwamba hakuna anayeona tofauti. Katika kikundi kama hiki yanaachana kabisa.

Ndivyo ilivyo pia kwa kumbukumbu za Moodle, ambazo walimu wengi tunazifungua tukitaka kujua nani anasoma. Mwanafunzi mmoja akipakua faili na kuwarushia wenzake watatu kwa WhatsApp ili bando lao lisiishe, kumbukumbu itaonyesha msomaji mmoja na wavivu watatu. Nimewahi kuwaandikia wanafunzi barua pepe za onyo kwa kutegemea takwimu hizo. Sijui ni wangapi kati yao walikuwa wamesoma kila kitu.

Hata hivyo sisemi takwimu hizi zitupwe. Katika kisa hiki historia hiyo hiyo iliyotumika kumshtaki mwanafunzi ndiyo iliyomtetea. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza iliangaliwa rangi peke yake, mara ya pili ikasomwa. Na hata iliposomwa, ilinipa sababu ya kuuliza. Haikunipa jibu.

Mzawa na mgeni

Mwaka 2001 mwandishi Mmarekani Marc Prensky aligawa watu makundi mawili: waliozaliwa ndani ya teknolojia ya kidijitali, aliowaita wazawa, na waliozaliwa kabla yake, aliowaita wahamiaji. Mgawanyo huo ulienea haraka sana vyuoni, na mpaka leo unasikika kila kona hata kwa watu wasiojua ulikotoka: "Hawa vijana wa siku hizi wanajua wenyewe." Ukiutumia kwenye kikundi changu unakwama siku ya kwanza. Mzawa alikesha akichapa nukta. Mhamiaji alikuwa na dawa ya tatizo lake, dawa ya dakika kumi, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu nywele zake zina mvi.

Mwaka 2011 watafiti David White na Alison Le Cornu walipendekeza namna nyingine ya kutazama, inayonifaa zaidi. Walizungumzia mgeni na mkazi. Mgeni huingia mtandaoni akiwa na shida maalumu, akaimaliza, akatoka bila kuacha alama. Mkazi huishi humo, na sehemu ya maisha yake iko humo hata akizima kifaa. Uzuri wa wazo lao ni kwamba mtu hapangiwi chumba kimoja. Kiongozi wetu ni mkazi kamili kwenye video na mgeni asiyejua njia kwenye hati ndefu. Mama ni mkazi kwenye Word, mgeni mwenye hofu kwenye hati ya pamoja. Yule aliyelalamikiwa ni mkazi wa WhatsApp. Huko ndiko alikofanyia utafiti wake wote, na ulikuwa utafiti mzuri.

Wazo hilo lina mahali linapoishia, hata hivyo. Halimgusi vya kutosha mwanafunzi asiyeona, kwa sababu shida yake haikuwa mazoea wala nia. Anaijua kompyuta kuliko wenzake wote watatu, na nathubutu kusema kuliko mimi. Aliwekewa ukuta. Hapo ninamgeukia Jan van Dijk, mtafiti wa Uholanzi, aliyeonyesha kwamba kuifikia teknolojia ni hatua kadhaa zinazofuatana: kwanza kuwa na hamu nayo, kisha kuwa na kifaa na mtandao, kisha ujuzi, kisha nafasi halisi ya kuitumia kwa jambo lenye maana kwako. Mtu anaweza kuzuiwa kwenye hatua yoyote, na ukimsaidia kwenye hatua ambayo tayari ameivuka umempotezea muda na umemvunjia heshima.

Hili la mwisho ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote. Vyuo vingi vikigundua kwamba wanafunzi wanapishana katika teknolojia, dawa huwa moja: semina ya kompyuta kwa wote, saa mbili, wiki ya kwanza. Iweke semina hiyo mbele ya kikundi changu. Mama angesinzia. Kijana asiyeona angekaa mbele ya slaidi zisizosomeka, akisubiri ziishe. Kiongozi angefundishwa kufungua barua pepe, jambo analolijua, na asingefundishwa mitindo ya vichwa vya habari, jambo asilolijua. Na yule wa simu angejifunza kwenye kompyuta ya maabara ambayo jioni hana.

Tulichofanya ndani ya siku nane

Jina halikuondolewa. Niliwaongezea kikundi kizima siku nne, kwa sababu saa nyingi walizopoteza zilipotea kwa makosa yasiyokuwa yao, na baadhi yalikuwa yangu. Kisha nikawaita wote wanne mezani kwa saa moja.

Mwanzo ulikuwa mzito. Nilimwomba kila mmoja arudie maelezo ya safari ya kazi yake mbele ya wenzake. Kiongozi aliposikia habari za simu iliyojaa, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Si ungeniambia tu, dada?" Mwenzake akamjibu bila hasira, "Uliandika kwenye maoni ya hati kwamba asiyeweza kufungua linki hayuko makini. Ningekuambiaje?" Maoni hayo alikuwa ameyasoma siku tatu baada ya kuandikwa, kwa sababu taarifa zake zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya chuo ambayo kwenye simu yake haifunguki kila wakati. Siku hizo tatu za ukimya ndizo zilizosomwa kama dharau.

Kiongozi aliinamisha kichwa, akasema samahani, kisha akanyoosha mkono akaomba ile simu. Ndani ya dakika kama kumi alikuwa ameshapata tatizo: WhatsApp ilikuwa ikihifadhi yenyewe kila video na picha iliyotumwa kwenye makundi yake yote. Akazima mpangilio huo, akaingia sehemu ya hifadhi, akamwonyesha mwenye simu faili kubwa moja baada ya nyingine na kumuuliza kabla ya kufuta: hii? na hii? Programu ya kuhariri ikaingia. Mimi nisingeweza kuifanya kazi hiyo kwa wepesi ule wala kwa upole ule.

Mama kwa upande wake akamkalisha kiongozi kwenye kompyuta, akamfundisha kuteua kichwa cha habari na kukipa mtindo wa Kichwa 1, kinachofuata Kichwa 2, mpaka mwisho wa hati. Kisha akamwambia aingize jedwali la yaliyomo. Likajitokeza lote, namba zote mahali pake. Binti aliliangalia, akaongeza aya tatu za majaribio katikati ya hati, akalisasisha, namba zikabadilika zenyewe. Hakusema kitu. Alifuta lile jedwali la zamani alilolikeshea.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha zaidi kitaalamu. Kijana asiyeona alifungua hati hiyo hiyo, akabonyeza vibonye vya kutafuta vichwa vya habari, na sauti ya NVDA ikaanza kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Mpaka siku ile hati yao ilikuwa ukuta mmoja wa maneno kwake, maana kisoma skrini hakitambui kichwa cha habari kilichokozwa wino na kukuzwa herufi; kinatambua kilichopewa mtindo. Jambo lililomwokoa kiongozi usiku wake ndilo lililompa mwenzake milango ya kuingia kila sehemu. Jedwali zilizokuwa picha zikachapwa upya kama jedwali za kweli. Na walikubaliana saa moja ya jioni ambayo hati inaachwa mikononi mwake peke yake, asilazimike tena kuamka saa tisa.

Ile sura ya kitabu niliipitisha kwenye programu ya kutambua herufi, nikakaa nayo jioni mbili nikisahihisha mahali ambapo herufi zilisomwa vibaya, nikamtumia kijana ajaribu kabla sijaibadilisha kwenye Moodle. Alirudisha na masahihisho manne ambayo macho yangu hayakuyaona.

Kumsamehe au kumfundisha

Kabla ya kikao nilikuwa nimemwahidi yule wa simu kwamba nitapokea kazi yake kwa njia yoyote: meseji, sauti, hata karatasi. Alikataa. "Nashukuru mwalimu, lakini nikimaliza chuo bila kujua hii kitu, nitakuwa nimebaki palepale." Alikuwa sahihi, na jibu lake limenifundisha kutoziunganisha huruma na msaada kana kwamba ni kitu kimoja. Yeye alihitaji kizuizi cha nafasi kwenye simu kiondolewe, halafu afundishwe. Kijana asiyeona hakuhitaji kufundishwa chochote. Alihitaji sisi tuache kumwekea picha mahali pa maneno. Mama alihitaji kuonyeshwa kitu kimoja tu, kwamba hati ya pamoja inahifadhi kila toleo la nyuma na kilichofutwa kinarudi. Nilipomrudishia toleo la wiki iliyopita mbele ya macho yake, aliniomba nirudie mara mbili zaidi.

Mwenzangu mmoja aliposikia kisa hiki aliniambia ninawalea, kwamba kazini hakuna atakayewauliza safari ya kazi yao. Sikubaliani naye. Kazini nako watu hupewa vifaa, huonyeshwa mfumo, na hukaa karibu na mtu wa kumuuliza. Sisi tuliwapa linki.

Anayo hoja nyingine yenye uzito: je, mvivu halisi hatajificha nyuma ya kisingizio cha simu? Anaweza kujaribu. Ila swali la safari ni gumu kulidanganya. Aliyefanya kazi ana vitu vya kuonyesha, vyenye saa na mpangilio: meseji, rasimu, rekodi, daftari, mtu aliyempelekea. Asiyefanya huishia kwenye maneno ya jumla baada ya dakika mbili. Muhula huo huo vikundi vingine viwili viliniletea malalamiko ya aina hiyo. Kimoja kilikuwa na sababu kama hizi. Kingine hakikuwa nazo, na jina liliondolewa.

Nilichobadilisha kwenye somo

Fomu ya wiki ya kwanza ilikuwa na swali: "Je, una kifaa cha kuingia mtandaoni?" Wote wanne walijibu ndiyo, na wote walisema kweli. Swali lilikuwa bovu. Mwaka 2002 Eszter Hargittai, katika utafiti wake kuhusu tofauti za ujuzi wa mtandao, aliwakalisha watu mbele ya kompyuta, akawapa kazi za kutafuta na kuwaangalia wanavyofanya, badala ya kuwauliza kama wanajua. Mimi siwezi kumkalia kila mwanafunzi, lakini naweza kuuliza kuhusu tendo. Sasa nauliza: mara ya mwisho ulipoandika kazi ya zaidi ya kurasa mbili, uliiandikia kwenye kifaa gani? Nani mwingine anakitumia kifaa hicho? Faili ikikataa kufunguka usiku, unamwambia nani? Je, kuna aina ya faili ambayo kwako haisomeki? Majibu ya swali la tatu ndiyo ninayoyasoma kwa makini kuliko yote. "Simwambii mtu" linajirudia sana.

Kila kazi ya kikundi sasa inaambatana na maelezo mafupi ya kila mwanakikundi kuhusu safari ya sehemu yake, kwa maandishi au kwa sauti ya dakika mbili. Nayasoma kabla ya kufungua historia ya hati.

Mihadhara naiweka kwa namna tatu: video, sauti peke yake, na maandishi. Hesabu yenyewe inatosha kumshawishi yeyote. Video ya saa moja inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450. Sauti ya saa hiyo hiyo kwa kilobiti 32 kwa sekunde hula megabaiti 14.4, na maneno ya mtu anayezungumza yanasikika vizuri kabisa. Maandishi ya mhadhara mzima hayafiki hata megabaiti moja. Anayenunua bando dogo dogo anajua maana ya tofauti hiyo bila kuelezwa. Nilitegemea wenye simu ndio watakaochukua sauti. Nimekuta wenye kompyuta nzuri wanaichukua pia, wanasikiliza wakiwa njiani.

Na nilipitia maelekezo yangu yote kwenye Moodle nikitafuta neno moja: tu. "Bonyeza tu linki." "Pakia tu faili yako." "Ingia tu kwenye hati ya pamoja." Nililiandika kwa nia njema, ili nisimtishe mtu. Kwa aliyekwama, neno hilo linasema kwamba ni yeye peke yake aliyeshindwa. Nilikuta kumi na moja. Nikazifuta, na mahali pake nikaandika kinachoweza kukwama hapo na namba ya kunitumia ujumbe kikikwama.

Kuna jambo moja halijakaa sawa. Mtihani wa majaribio wa muhula huu uko kwenye Moodle na una kikomo cha dakika 40. Mfumo unaniruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja muda bila kugusa wa wengine, na kijana wetu nimeshamwongezea. Lakini swali la saba linategemea mchoro: mistari miwili inayopishana kwenye grafu, na mwanafunzi anatakiwa aseme uhusiano wake. Nikiuelezea mchoro kwa maneno ya kutosha, nimempa jibu. Nisipouelezea, nimempa picha tena. Nimeandika maelezo mara tatu na kuyafuta. Juzi nilimwandikia yeye mwenyewe nikamuuliza angependa data ya grafu ije kwake kwa sura gani, na amenijibu kwamba atumiwe jedwali la namba zenyewe, mistari ataichora kichwani. Jedwali ninalitengeneza leo jioni. Nafikiria kuliweka kwenye mtihani wa wote.